Maswali ya Wasomaji: Radhi ya Miungu na Bei Yake

Katika toleo lililopita tulitaja kwa mistari michache kwamba mchezo wa kompyuta wa Age of Mythology umejengwa upya na kutolewa kwa jina la Age of Mythology: Retold. Barua zilizofuata zilikuwa nyingi kuliko tulivyotarajia, na baadhi yake ni nzito. Tumechagua tano. Kwa kuwa mimi mwenyewe nimeucheza mchezo huu tangu ujana wangu, wasomaji wataniwia radhi pale jibu linaporefuka.

Mhariri, mwaka 2005 nilipokuwa kidato cha pili, mimi na kaka yangu tulikuwa tukichanga fedha kila Jumamosi ili tulipie saa moja kwenye chumba cha kompyuta karibu na stendi, na saa hiyo yote tuliimaliza kwa Age of Mythology. Sasa nina kazi na kompyuta yangu mwenyewe. Je, hii iliyotoka ni ileile iliyong'arishwa rangi, au kuna jambo jipya? Na mbona watu wazima wenye shughuli zao wanaurudia kwa hamu kiasi hiki?
*Mchezaji wa zamani, Morogoro*

Ndugu yangu, rangi zimeng'arishwa kweli, lakini kazi iliyofanyika ni kubwa zaidi ya hapo. Mchezo wa kwanza ulitolewa mwaka 2002 na Ensemble Studios ya Dallas, Texas, ambao walikuwa wamekwisha kujipatia jina kwa Age of Empires mwaka 1997, na mwaka 2003 wakaongeza The Titans iliyoleta watu wa Atlantis. Studio hiyo ilifungwa mwaka 2009, na mchezo ukabaki kama nyumba ambayo wenyewe wamehama lakini majirani hawajaacha kuifagia uwanja. Nakala ya mwaka 2014 iliupaka chokaa tu. Hii ya sasa, iliyotoka tarehe 4 Septemba 2024, imesimamiwa na World's Edge, studio iliyo chini ya Microsoft, pamoja na Forgotten Empires, kundi lililoanza kwa mashabiki waliokuwa wakiiongezea Age of Empires II sehemu zao wenyewe kabla ya kukabidhiwa kazi rasmi. Picha zote zimechorwa upya, sauti za wahusika zimerekodiwa upya, na muziki umepigwa upya. Hata hivyo, mwanakijiji wa Kigiriki bado anaitika "prostagma", neno la Kigiriki lenye maana ya amri, na nilipolisikia kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nilisimamisha mchezo kwa muda ili nimwamshe mdogo wangu aje alisikie naye.

Badiliko utakalolihisi mapema zaidi ni dogo kwa macho. Zamani tulikuwa tukimfuata kila mwanakijiji kwa kipanya: huyu amemaliza mti, yule amesimama karibu na mgodi mikono mitupu, na ukichelewa sekunde 20 uchumi wako unayumba. Sasa unaweza kuutangazia mji mzima kwamba unataka chakula kiasi hiki, mbao kiasi hiki na dhahabu kiasi hiki, na watu watajigawa wenyewe. Wapo wakongwe waliolinung'unikia jambo hili wakisema linalea uvivu. Mimi siafikiani nao, kwa sababu aliyekuwa na umri wa miaka 15 mwaka 2005 leo anaukaribia umri wa miaka 40, amerudi kutoka kazini, watoto wamelala, na anataka kutumia nusu saa aliyo nayo kufikiri vita, wala si kuhesabu waliokaa bure.

Kuhusu hamu yenyewe, naomba nilieleze jambo hili polepole, kwa sababu ndilo linalonivuta mimi. Mchezo huu ni wa mikakati isiyo na zamu. Kwenye bao la kete, mwenzako akicheza wewe unangoja, unahesabu, unakuna kichwa. Hapa ni kama bao ambalo wote wawili mnasambaza kete kwa wakati mmoja, kila mtu gizani kwake. Michezo ya jinsi hiyo ipo mingi, lakini katika mingi kati yake kuchagua upande huishia kwenye sura ya majengo na askari mmoja au wawili wa pekee. Waliobuni Age of Mythology walijiuliza swali ambalo hata bibi zetu waliotusimulia ngano walilijua: mwenye nguvu hizi anataka nini kutoka kwa binadamu? Jibu lake wakalifanya liwe kazi ya mikono.

Chukua Wagiriki. Zaidi ya chakula, mbao na dhahabu, kila taifa linahitaji radhi ya miungu, na kwa Wagiriki radhi hupatikana kwa wanakijiji kuacha kazi na kwenda kupiga magoti hekaluni. Kila aliyepiga magoti ni mkono uliopungua shambani, na kadiri wanavyokuwa wengi ndivyo kila mmoja anavyoleta kidogo kuliko aliyemtangulia. Wamisri hawasali hekaluni kwa namna hiyo. Wao husimamisha minara ya kumbukumbu, mitano kwa jumla, kila mmoja ukiwa na gharama kubwa kuliko uliotangulia, na radhi ikawadondokea kutoka humo kidogo kidogo kama maji ya mtungi unaovuja. Watu wa Skandinavia, wanaowafuata Odin, Thor na Loki, huipata kwa kupigana. Kwao amani ndefu ni njaa ya kiroho, hivyo mchezaji wa upole akiwachukua hao atajikuta, apende asipende, amekuwa mtu wa kuchokoza majirani. Tena kwao wanaojenga kambi na ngome ni askari wa miguu, na ghala lao la mazao ni mkokoteni wa ng'ombe unaowafuata wavunaji popote waendako. Huhitaji kusoma kitabu cha historia ili uelewe kwamba hawa ni watu wa kuhamahama na vita; mikono yako itakuwa imekwisha kuelewa kabla ya akili.

Halafu tazama dakika tatu za mwanzo. Una jumba la mji, wanakijiji wachache na mbuzi kadhaa waliotawanyika kwenye nyika. Mbuzi katika mchezo huu hunenepa kadiri muda unavyokwenda, kwa hiyo anayemchinja mapema anapata nyama chache, na anayengoja sana anakaa na watoto wenye njaa huku mwenzake akipanda enzi ya pili, yaani hatua inayofuata ya kukua kwa mji. Ukimchinja, unamchinjia karibu na jumba la mji ili nyama isibebwe masafa marefu. Mtu yeyote aliyekulia kwenye boma la mifugo anaijua hesabu hiyo ya lini kuchinja na lini kusubiri, na nadhani ndiyo sababu sisi tuliokuwa tukicheza kwenye vile vyumba vya joto hatukuhitaji kufundishwa Kiingereza cha maelezo ya mchezo.

Kila unapopanda enzi unachagua mmoja kati ya miungu wadogo wawili, na enzi za kupanda ni tatu. Maana yake mungu mkuu mmoja ana njia nane, na kwa wale wakuu tisa wa mwaka 2002 tayari zilikuwa njia 72. Wewe na kaka yako, kwa saa moja ya Jumamosi, hamkuweza kuzimaliza. Mpigie simu arudi.

Ninasoma Eldoret na nimeanza mchezo huu likizo hii. Nikimchagua Zeus, mungu mkuu wa Wagiriki, ninafika vizuri enzi ya pili, lakini adui akileta Minotaur mmoja tu, anawarusha askari wangu hewani kama makapi na kikosi kizima kinaisha. Nikiongeza askari naongeza hasara. Nimekosea wapi?
*Mwanafunzi*

Mwanangu, umekosea kwa kupeleka wengi mahali panapohitaji mmoja. Mchezo huu una duara la vitu vitatu: viumbe wa visasili huwashinda askari wa kawaida, mashujaa huwashinda viumbe hao, na askari wa kawaida, wakiwa wengi na gharama yao ikiwa ndogo, huwamaliza mashujaa. Minotaur huyo, mtu mwenye kichwa cha fahali, ni zawadi ya Athena, mmoja wa miungu wadogo wa Wagiriki, na hata ukimpelekea watu 20 wenye mikuki atawarusha mmoja baada ya mwingine. Kwa Zeus una Jason tangu mapema, na baadaye Odysseus, Heracles na Bellerophon. Mtoe Jason, mtangulize mbele ya kikosi, na mwelekeze kwa Minotaur peke yake, huku askari wako wakishughulika na askari wa upande wa pili wanaokuja kumwokoa. Usimwache shujaa azingirwe na wapiga mishale, maana huko ndiko anakofia.

Jambo la pili: tazama umebakiwa na radi ya Zeus. Inaua adui mmoja papo hapo. Wageni wengi huimaliza kwa mwanakijiji wa kwanza wanayemwona, kwa furaha ya kuona mwanga.

Mimi ni mchezaji wa siku nyingi na sikufurahi. Zamani nguvu ya mungu, kama vile radi ya Zeus, ilitumika mara moja tu katika mchezo mzima, na ndiyo iliyotufanya tutetemeke kabla ya kuibonyeza. Sasa wanaruhusu kuirudia. Je, huku si kuuharibu mchezo kwa kuwaridhisha wageni?
*Msomaji, Nakuru*

Nimeisoma barua yako mara mbili kwa sababu uchungu wake naufahamu. Ninakumbuka mechi moja niliyoshikilia kimondo cha Thoth, mungu wa Wamisri, hadi dakika za mwisho, nikikihifadhi kwa ajili ya ngome ya mpinzani wangu, naye akanitangulia kunishambulia kwa upande ambao sikuutazamia, nikashindwa huku kimondo kikiwa bado mkononi. Sikuisahau mechi hiyo, na nisingeikumbuka kama ningekuwa na vimondo vitatu.

Hata hivyo, tuwatendee haki waliofanya badiliko hili. Katika Retold matumizi ya kwanza ni ya bure kama zamani, lakini ukitaka kurudia unalipa radhi, bei inapanda kila unaporudia, na lazima ungoje muda upite kabla nguvu hiyo haijawa tayari tena. Kwa hiyo swali halijaondoka, limehamia mahali pengine. Zamani mchezaji alijiuliza lini atumie mshale wake wa pekee. Sasa anajiuliza kama radhi aliyoikusanya kwa jasho la watu waliopiga magoti ainunulie tetemeko la pili la ardhi au ainunulie viumbe watakaolinda mji wake usiku huohuo. Katika mchezo wa zamani, hekalu lilikuwa likipoteza maana baada ya nguvu kutumika na jeshi la viumbe kukamilika, na mara nyingi niliona wachezaji wazuri wakiwaondoa wanakijiji hekaluni na kuwarudisha mgodini. Siku hizi hawawaondoi. Kwa hesabu ya mchezo, hilo ni jema.

Kilichopotea ni hofu, na hapo nakubaliana nawe. Katika ngano, mtu akipewa pete ya kutimiza haja moja, msikilizaji hukaa kimya akingoja haja hiyo itakuwa nini. Akipewa pete ya haja nyingi, hadithi inageuka kuwa ya biashara. Ningependa wachezaji wawili wanaokubaliana wapewe njia rahisi ya kucheza kwa sheria ya zamani, na ningependa mashindano machache yafanywe kwa sheria hiyo, ili vijana waone tulichokuwa tukikizungumzia. Lakini sitasema mchezo umeharibiwa. Jaribu kumchukua Isis, mmoja wa miungu wakuu wa Wamisri, dhidi ya mpinzani mwenye kupenda kurudia nguvu zake: minara ya Isis huzuia nguvu za adui zisitumike karibu nayo, na katika mfumo huu mpya kila mnara ulioujenga unamharibia mwenzako bajeti yote ya radhi. Zamani nilimdharau Isis. Siku hizi namwogopa.

Mwanangu ana miaka 14. Juzi nimemsikia akimwambia mwenzake kwenye simu, "Ngoja kwanza watu wangu wamwombe Zeus." Sisi ni familia ya dini na maneno hayo yamenikosesha usingizi. Je, nimzuie?
*Mama, Tanga*

Mama, shikamoo. Nitakueleza yaliyomo bila kuficha, kisha uamuzi ni wako na wa baba yake. Ndani ya mchezo huu wapo watu wadogo wanaopiga magoti mbele ya hekalu, na majina ya miungu ya Wagiriki, Wamisri na watu wa Skandinavia yanatajwa wakati wote. Kuna vita na watu wanakufa, ingawa vinaonekana kwa mbali, kutoka juu. Nchini Marekani umewekwa katika daraja la vijana wa kuanzia miaka 13. Kijana wako hamwombi mtu, anawapangia wale watu wadogo kazi, na maneno uliyoyasikia yana maana sawa na kusema, "Ngoja nikusanye mtaji."

Pamoja na hayo, sitakuambia kwamba hofu yako ni ya bure. Neno lina uzito, na mtoto aliyelelewa kujua kwamba kuomba ni kwa Mungu mmoja anastahili kusikia kutoka kwa mzazi wake tofauti iliyopo kati ya kusimulia imani ya watu wa kale na kuishika. Wazee wetu walisoma habari za Firauni na miungu ya Misri ndani ya vitabu vitakatifu vyenyewe, na kuzisoma hakukuwafanya wawe watu wa Firauni. Ushauri wangu ni kwamba ukae karibu naye jioni moja, umwombe akuonyeshe, na umwulize Osiris ni nani na Set alimfanyia nini. Ukiona anakusimulia kama anavyosimulia habari za Sungura na Fisi, utajua yuko wapi. Ukiona vinginevyo, au moyo wako ukikataa, mpeleke kwa sheikh au padri mnayemwamini akamweleze, maana hilo si jambo la kuamuliwa na safu ya gazeti. Tena mweleze kwa nini unamzuia, ikiwa utamzuia. Kijana wa umri huo akikatazwa bila maelezo huenda kucheza kwa jirani.

Ninaishi Muscat na nina PlayStation 5 tu. Je, nitaupata? Na swali langu la pili ndilo kubwa: Wachina wameongezwa, Wajapani wameongezwa. Sisi Waafrika tuna nini humo?
*Msomaji wa Kizanzibari ughaibuni*

La kwanza ni jepesi: ndiyo. Ulianza kwenye Windows na Xbox, na tangu Machi 2025 unapatikana kwenye PlayStation 5. Ule mpango wa wanakijiji kujigawia kazi unawafaa hasa wanaotumia pedi ya vitufe badala ya kipanya.

La pili si jepesi. Kwanza tusiisahau Misri, ambayo ni Afrika, ingawa wengi wetu tumezoea kuisoma kana kwamba ilikatwa na kuambatishwa kwingine. Pili, katika hadithi kuu ya mchezo, ile ya nahodha Arkantos wa Atlantis anayesafiri kutoka vita vya Troya hadi Misri na hadi kwenye theluji za kaskazini, mmoja wa watu watatu wanaobeba hadithi hiyo ni Amanra, mwanamke shujaa kutoka Nubia, nchi iliyokuwa mahali palipo leo kusini mwa Misri na kaskazini mwa Sudan. Yeye ndiye anayesimamia kazi ya kukusanya vipande vya mwili wa Osiris. Mwaka 2002, mwanamke mweusi mwenye kuamuru jeshi na kusikilizwa na Wagiriki hakuwa jambo la kawaida katika michezo ya kompyuta, na ninawaheshimu waliomwandika.

Lakini kusini mwa Nubia ramani ya mchezo ni tupu, na hilo linaniuma kama linavyokuuma wewe. Linaniuma zaidi kwa sababu visasili vyetu vinaingia katika sheria za mchezo huu bila kulazimishwa. Nilimweleza mwanafunzi wa Eldoret kwamba kila nguvu humo ina kinachoishinda. Wajaluo wanamsimulia Lwanda Magere, mwenye mwili wa jiwe ambao mikuki haikuuingia, hadi maadui walipojua siri na kuuchoma mkuki kivuli chake. Shujaa wa namna hiyo angemfanya mpinzani wako aache kushambulia askari na kuanza kutuma wapelelezi. Waganda wanaye Kintu, Wayoruba wanaye Ogun wa chuma na Shango wa radi, na kila mmoja anakuja na masharti yake ya kutafuta radhi.

Nasi wa mwambao tunaye Fumo Liyongo, ambaye kwa mapokeo yetu alitembea kati ya Pate na mto Tana. Hebu mtazame kwa jicho la mchezo. Silaha ya kawaida haimdhuru. Akifungwa gerezani, mama yake anamficha tupa ndani ya mkate wa makapi na kumpelekea kwa mkono wa mjakazi Saada, kisha watu wanapiga ngoma na kuimba nje ya ukuta ili sauti ya tupa inayokata minyororo isisikike. Ingekuwa nguvu ya kumtorosha shujaa aliyetekwa, na sharti lake lingekuwa kuwatoa wanakijiji wako mashambani waende wakacheze gungu hadi kazi iishe. Kinachomuua ni sindano ya shaba iliyochomwa kitovuni, mkononi mwa mwanawe mwenyewe, kwa hiyo adui asingemshinda kwa wingi wa askari, angelazimika kumnunua mtu wa ndani. Na hata baada ya kuchomwa, mchezo usingemwondoa mara moja. Angebaki amepiga goti karibu na kisima, upinde umevutwa, na jeshi zima la adui lingesimama kwa mbali na ndoo zake, likishindwa kujua kama yu hai.